Ndoa ya Kaimu

Redio ilitangaza mchana, baba akiwa anapepeta mpunga uani. Padri aliyewahi kuwa paroko wetu pale Tura alikuwa ameteuliwa kuwa askofu wa jimbo letu. Baba, katekista tangu kabla sijazaliwa, aliweka ungo chini akaenda kugonga kengele ya kigango kwa nguvu, mpaka watu wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Jumapili akaongoza ibada na kumwombea "Askofu wetu" kwa jina, kwa sauti ya mtu aliyemteua yeye mwenyewe. Habari ikamfikia paroko wa sasa, naye akaja kumrekebisha.

"Huyo usimwite bado askofu wetu, Katekista. Ameteuliwa, ila jimbo hajalichukua."

"Askofu wetu ni nani basi?"

"Kwa sasa hatuna. Jimbo liko wazi."

Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba ina mlango lakini haina ukuta. Mimi nilicheka.

Kicheko kiliisha upesi, maana nilikuwa nataka kuolewa. Mchumba wangu alikuwa fundi seremala wa Chemchem, Mwislamu wa mjini kwa vizazi, na ndoa ya namna hiyo kanisani haifungwi bila ruhusa ya jimbo. Bila ruhusa hiyo si ndoa, hata mkiimbiwa na kwaya tatu. Mama yake alikubali tuanzie kanisani, lakini subira ilikuwa inamwishia. "Kwetu shehe yupo," aliniambia, "wala hangoji kusimikwa." Upande mwingine baba alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilivimba, na daktari alishamkataza baiskeli. Nilitaka anishike mkono anipeleke altareni akiwa bado anatembea. Sikutaka kingine.

Paroko alisema ombi lipelekwe kwa msimamizi wa jimbo, padri mzee aliyechaguliwa kuliangalia jimbo mpaka mwenyewe aje. Baba akagoma. Alikuwa ameona makaimu wengi maishani mwake: kaimu mwenyekiti wa kijiji, kaimu mkuu wa stesheni. Wanatia sahihi, anakuja bosi mwenyewe anafuta yote.

"Kaimu akiondoka," aliniuliza, "ndoa yako itabaki na nani?"

Nilikuwa nimesoma mpaka chuo, lakini nilikubali tumwendee mteule mwenyewe.

Tukaenda Tabora mjini kumwona mteule, baba amekumbatia kuku, kwa sababu kwa mkubwa huendi mikono mitupu. Alitupokea amevaa kandambili. Baba akapiga goti kwa shida, akautafuta ule mkono ili abusu pete. Pete haikuwepo.

"Inuka, Katekista," mteule alisema. "Pete bado."

Baba akaeleza shida yetu. Mteule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Mpaka barua ya Baba Mtakatifu ionyeshwe mbele ya mapadri washauri wa jimbo, mimi hapa sina madaraka yoyote. Sheria inanikataza hata kugusa mambo ya jimbo. Nikikusainia leo, karatasi yako ni ya kufungia maandazi. Nendeni kwa msimamizi. Atakachotoa ni halali, na mimi nikija sitakifuta."

"Kwa hiyo askofu hawezi," baba alisema polepole, "ila kaimu anaweza."

"Ndivyo ilivyo."

Tulipofika barabarani nilidhani yameisha. Baba alikuwa anatabasamu. "Umemwona anavyojishusha? Mtu mkubwa kweli. Hawezi kusema mbele yetu kwamba yeye ndiye. Tutamngoja."

Hapo nilikasirika kweli. Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi peke yangu, nikiwa na maelezo ya paroko. Aliniuliza kuhusu imani yangu na watoto tutakaowalea, akasaini, akagonga muhuri, akaniuliza kama mvua zimeanza Tura. Nilitoka nikiwa na furaha, halafu nikaanza kujiuliza kama baba hana haki. Jambo zito namna ile linawezaje kwisha kirahisi hivyo?

Baba alikuja harusini. Alinishika kiwiko akanifikisha mbele, akihema, maana hangeniaibisha mbele ya wakwe. Lakini watu walipompongeza alijibu, "Bado kidogo. Tunamngoja Baba Askofu." Mume wangu akabaki kuwa "yule kijana wa Chemchem." Iliniuma kuliko kama angekataa kuja.

Baba alipolazwa hospitali, kijana wa Chemchem ndiye aliyekuwa akimwogesha. Siku moja nilimkuta anamfuta miguu, na baba anamwambia kwa upole, "Vumilia, mwanangu. Akishasimikwa tu, nitakuita mkwe."

"Sawa, baba," mume wangu alijibu.

Tulimzika baba Ijumaa. Askofu alisimikwa Jumapili.

Nilienda, sijui kwa nini. Niliona ile barua ikiinuliwa, ikaonyeshwa kwa washauri, ikasomwa, naye akaketi kwenye kiti chake. Vigelegele vikapigwa na mimi nikapiga, kisha nikaona uchungu kwamba nimepiga. Baada ya Misa nilipanga foleni. Safari hii pete ilikuwepo.

"Pole kwa baba," alisema. Alikuwa amesikia.

"Baba Askofu, ndoa yangu ni ndoa?"

"Tangu siku mliyoifunga. Nilimwambia baba yako mwenyewe kwamba ruhusa ile ni halali."

"Ulimwambia ukiwa bado hujawa askofu."

Hakuniachia mkono, na watu wa nyuma wakaanza kunisukuma.