Nilimruka Mama Divine Katika Zamu ya Sala

Mgeni, kwa maana ninayoikusudia hapa, ni mtu ambaye wengine wamejipa haki ya kuamua lini amefika. Miaka aliyokaa haina uzito. Chenye uzito ni kauli yao. Naomba maana hiyo ishikwe vizuri, kwa sababu mimi nimekaa pande zake zote mbili.

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mhadhiri mstaafu, ninaishi mtaa wa West Indies hapa Eldoret. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa kuja kutafuta kazi ya ukarani. Nilizaliwa hapa, na shuleni niliitwa mtu wa samaki mpaka nikajifunza kucheka kabla ya wenzangu. Leo mji umekuwa jiji. Maghorofa yanaota kutoka hapa hadi Kesses, kodi za nyumba zimepanda, na kazi za ujenzi zimewavuta watu wa mbali zaidi: Wakongo, Wasudani Kusini, Warundi. Niliowasikia wakiwatukana kwa sauti kubwa zaidi walikuwa watoto wa wahamiaji, watu kama mimi.

Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa. Kila Jumamosi tunasali nyumbani kwa mwanachama mmoja, kwa zamu, tunakunywa chai, nami ninaandika daftarini ni nani aliyetupokea. Daftari hilo si mchezo. Mtu akitaka ubatizo, ndoa au misa ya mazishi, katekista hulifungua kwanza. Ambaye hajawahi kupokea sala nyumbani kwake hahesabiwi kuwa mwanajumuiya hai, na barua hapati.

Mwaka juzi walijiunga nasi Mama Divine na mumewe, kutoka Burundi. Mume alikuwa mwashi kwenye ghorofa la vyumba vya wanafunzi. Mke alitembeza njugu karanga. Hawakukosa Jumamosi hata moja. Zamu yao ilipokaribia, Mama Wafula, jirani yangu ambaye mumewe pia ni mwashi, alinivuta kando baada ya sala.

"Mwalimu, kwa huyo mimi siendi."

"Kwa nini?"

"Nani anajua wanapika nini? Halafu bwana yake amekubali mshahara wa chini, sasa Baba Wafula analala tu kwa nyumba akihesabu mabati. Na mimi niende nikunywe chai yake?"

"Itakuwa chai ya njugu," akadakia mmoja wa wanawake waliotufuata.

"Na vile ni mweusi, stima zikipotea mtamtafuta na tochi?" akaongeza mwenzake.

Wakacheka. Mimi nilitabasamu. Ninalitaja tabasamu hilo kwa sababu nadhani ndilo walilokuwa wakilisubiri.

Nilipiga hesabu yangu kwa utulivu. Watu wasipokwenda, mama wa watu ataaibika. Zamu ikihamishwa, hatajua lolote. Kwa hiyo niliihamishia kwangu, nikamwambia, "Pumzika kwanza, Mama Divine. Bado mnajipanga." Alinishika mikono yote miwili. "Mwalimu, wewe unatuhurumia." Jumamosi hiyo alikuja kwangu na ndoo ya maandazi aliyokwisha kuyapika, akayaweka mezani, akakaa karibu na mlango. Hakuna aliyeyagusa. Nilichukua kitambaa nikayafunika.

Mwaka uliofuata nilimruka tena. Safari hiyo hakuna aliyeniomba.

Mwezi wa tatu mwaka huu mbao za kupandia zilivunjika huko kwenye ghorofa, Baba Divine akaanguka, akafa. Katekista alikuja kwangu kwa ajili ya barua ya misa. Mwenyekiti wetu alikuwepo, na Mama Wafula, na mjane mwenyewe, amejifunga leso kichwani. Daftari likafunguliwa.

"Mwalimu, hawa hawajawahi kupokea sala hata mara moja?"

Mwandiko ulikuwa wangu. Sentensi moja ingetosha: zamu zao nilizihamisha mimi. Nikasema, "Ndivyo ilivyoandikwa."

Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli, na jibu lenyewe lilikuwa uongo. Alizikwa kwenye makaburi ya umma bila misa. Tulikuwa watu saba. Wimbo aliuanzisha mjane kwa Kirundi, na kwa kuwa sisi wengine hatukuujua, aliuimba peke yake hadi mwisho.

Wiki iliyopita alinijia nyumbani. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, kwa hiyo ninayakumbuka maneno yake yote.

"Mwalimu, nilipumzika sana. Wewe ulinionea huruma, na mimi nikakubali upesi. Ningekataa kupumzika, mume wangu angesomewa misa."

Anaamini kosa ni lake. Ananiomba nimwandike kwenye zamu ya mwezi ujao ili binti yake, Divine, apate barua ya ubatizo. Nimemwandika. Mama Wafula amekwisha kuniambia kwamba siku hiyo ana safari ya kwenda mji wa Ziwa.

Nimefundisha vijana kupima hoja kwa miaka thelathini, na hii inanishinda. Nikimweleza, nitampokonya mtu pekee anayemwamini katika jumuiya hii, na huenda mtoto akabaki bila ubatizo kwa sababu mama hatarudi tena. Nikinyamaza, ataendelea kuomba msamaha kila usiku kwa dhambi ambayo ni yangu. Wala siwezi kuthibitisha kwamba nikisema nitasema kwa ajili yake, na si kwa ajili ya usingizi wangu.

Nyinyi mnaosoma, hasa mliowahi kuhamia mji wa watu, nipeni shauri lenu bila kunihurumia: ukweli huu ni haki yake niliyomnyima, au ni mzigo wangu ninaotafuta mtu wa kuubeba?