Mfupa Katika Nyama ya Paja

Nilikandwa. Daktari wangu wa Kitale aliponiuliza nilikana, kwa sauti ileile ninayotumia katika makala zangu kuwacheka watu wanaopeleka majeraha kwa wakandaji badala ya hospitali.

Ilianza msimu wa kuanika mahindi. Mvua ilishuka ghafla, na kukunja turubai ni kazi ya watu wawili. Mimi naishi peke yangu. Nilivuta upande mmoja, nikakimbilia wa pili, nikateleza, paja likagonga ukingo wa saruji. Likavimba, likawa jeusi. Jumamosi nikaenda Bungoma kwa mama mmoja anayekanda watu nyuma ya duka lake la mitumba.

"Mwalimu, nyama imekaza kama ya jogoo mzee," alisema, akichovya kitambaa katika maji moto ya chumvi. Kila aliyesoma yeye humwita mwalimu.

"Jogoo mzee ndiye mwenye mchuzi."

"Ati mchuzi. Na nani atakunywa? Lala vizuri, bana."

Paja liliuma hadi machozi yakanitoka. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na nyingine tena. Uvimbe ulikuwa unageuka mgumu, nami nilijua. Lakini tangu mume wangu afariki hakuna aliyenigusa, ila kwa kunipa mkono kanisani. Mikono ile ningeivumilia hata kama ingeshika nyundo.

Goti lilipokataa kukunjika, nikaenda hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha kitu cheupe ndani ya msuli. Daktari, mama mwenye subira, akanieleza kwamba msuli ukipondeka vibaya damu huganda ndani, na mwili ukija kutengeneza huweza kukosea ukajenga mfupa pasipo mfupa. Ukikandwa, unapondeka upya, na ujenzi unaendelea.

"Ulikandwa?"

"La, daktari."

"Ulipoanguka uliumia sana?"

"Kidogo tu."

"Basi lazima tupime. Kitu kigumu kinachokua bila sababu kinaweza kuwa saratani."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema kweli. Mimi nina digrii mbili. Nililala kitandani wakanikata kipande cha nyama kipelekwe maabara. Kisha nikarudi nyumbani kungoja. Nilichemsha chai, nikaisahau, nikachemsha nyingine. Sikumwambia mtu. Nilipowatafuta wa kuambiwa, niliyemwona karibu zaidi alikuwa yule mkandaji.

Simu ililia nikiwa napukuchua mahindi.

"Mama, majibu yametoka. Si saratani. Ni mfupa tu."

Nikakaa juu ya gunia.

"Sasa niambie. Nani alikuwa anakukanda?"

"Mama mmoja wa Bungoma. Kila Jumamosi."

"Usirudi kwake. Mfupa kama huo unataka kuachwa utulie. Paja hilo lisiguswe na mtu."

"Halitaguswa, daktari," nikamwambia.