Shule Moja, Maandishi Matatu

Naona aibu kuyaandika haya, lakini kwa kuwa Tegeta nzima imeshayasimulia, tena kwa chumvi, heri myapate kwangu. Mimi ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya chekechea yetu mpya ya Kiingereza. Tulihitaji watoto ishirini, la sivyo mwalimu Rehema angefungasha arudi kwao Songea.

Nikaagiza kibao kwa mchongaji wa Mwenge, maandishi ya ukutani kwa fundi rangi, na masweta kwa fundi cherehani, wote kwa simu (karatasi ya nini, na mdomo ninao?). Rehema alipoyaona akanijia taratibu.

"Shikamoo mzee. Kwenye jina la shule, kibao kinasema Centre, ukuta Center, masweta Senta. Mbili za kwanza ni sahihi, moja ya Uingereza na nyingine ya Marekani, ila tuchague moja tuishike. Mzazi akituona tunayumba langoni, atauliza madaftarini itakuwaje."

Nikamjibu kwa upole wa mtakatifu: "Binti yangu, Mungu haangalii herufi." Kamati nzima ikaitikia amina, maana kwetu mzee habishiwi, hata akielekea mtaroni.

Siku ya kuandikisha wakaja wazazi thelathini na kitu. Mama mmoja akasoma kibao, akasoma ukuta, akainua sweta.

"Shikamoo baba. Hapa ni shule moja au tatu?"

"Marahaba. Moja, mama."

"Mh! Basi kubalianeni kwanza nyie, ndiyo niwaletee mwanangu."

Watu wakaangua kicheko, nami, kwa hekima yangu yote, nikatangaza maombi, nikafumba macho, nikaanzia Mwanzo, nikapita kwa manabii wote, nikawaombea hata wenye dharau, na kila nilivyosikia ukimya unazidi nikajua Roho ameshuka. Kumbe wazazi wamepanda bajaji. Nilipofumbua macho walibaki saba, na Rehema ameshika tama.

Wiki nzima nilipiga hodi nyumba kwa nyumba, nikiomba radhi kwa watu walioanza kucheka kabla sijaketi. Watoto ishirini walitimia Ijumaa, Mungu asifiwe. Yule mama hakuja, na simlaumu. Rehema amebaki, na hakuna herufi inayotoka kwetu bila yeye kuikagua. Nami nimeapa: mbele ya wazazi naomba dakika moja tu, tena jicho moja wazi.