Sijafa, Nimerala Tu

Wiki jana dada mmoja wa ofisini alikaa kwenye kiti changu cha saluni hapa Kamwokya nimsuke. Tulikuwa katikati ya kichwa, nusu imelala nusu imesimama, alipoona kwenye kioo maandishi ya chaki nyuma ya mlango wangu. Nimeyaandika makubwa: JUMAMOSI SAA 12 JIONI, MITA 19. NIMERALA TU.

"Nnyabo, hapo umekosea," akasema. "Ni nimelala. Lete kitambaa nikufutie."

"Usiguse."

"Lakini ni kosa!"

"Najua ni kosa. Ndiyo maana nimeliacha."

Alinitazama kama mtu aliyemkabidhi mwendawazimu kichwa chake. Halafu macho yakapanda hadi rafuni, kwenye redio yangu yenye mkono uliofungwa kwa waya. "Banange! Na hiyo ledio ya enzi za wazee bado inaongea?"

Umesikia? Msomi mzima, naye kasema ledio. Nilimpa jibu fupi kwa sababu alikuwa na haraka. Wewe huna haraka, kaa nikueleze vizuri.

Mimi nimekulia kwenye kambi ya polisi hapa hapa Kampala, kwenye zile nyumba za bati za duara tulizoziita unipoti. Ukizitazama kwa mbali ungesema ni masufuria yaliyofunikwa, na mchana kweli tulipikika ndani yake. Mvua ikianza, mazungumzo yote yalisimama mpaka iishe. Baba alikuwa polisi, leo yuko lindo hapa, kesho katumwa wilayani. Mama alishinda sokoni. Aliyetulea ni bibi, na sisi Wanubi bibi tunamwita haboba. Alikuwa mwembamba, mrefu, shungi lake halidondoki hata akiwa anapuliza moto, na alichoma gurusa, ule mkate laini wa kwenye kikaango, ambao harufu yake iliwatoa watoto wa kambi nzima majumbani. Waacholi, Waganda, Walugbara, Waiteso, wote tulikula mlangoni kwake na wote tuliongea Kiswahili, kila kabila likikivunja kwa mkono wake.

Haboba alikuwa na mdogo wake wa kike ng'ambo ya mpaka, upande wa Congo. Vita vya zamani viliwatawanya wakiwa wasichana. Mara moja tu walikutana tena, kwenye harusi kule Arua, na siku ya kuagana wakapatana jambo. Kila Jumamosi, kila mmoja alipo, atafungua stesheni ile ile ya nje inayotangaza kwa Kiswahili, kipindi kile kile cha salamu. Salamu zao zikisomwa, vizuri. Zisiposomwa, vizuri pia. Kila mmoja angejua kwamba saa hiyo mwenzake ameinamisha sikio kwenye sauti ile ile. Pengine pa kukutana hawakuwa napo. Mdogo wake aliishi kwenye kambi ya wakimbizi, mahali ambapo simu ilitafutwa juu ya kilima, na ikipatikana ilikuwa ya mtu.

Basi Jumamosi kwetu ilikuwa na sheria zake. Asubuhi betri zinawekwa juani juu ya bati ili zipate nguvu. Bati la unipoti lilizuia mawimbi, kwa hiyo waya ulitoka redioni, ukapita dirishani, ukapanda hadi kamba ya nguo. Siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuanika. "Nguo mbichi inakunywa sauti," Haboba alisema, na hata wake za maafande walimtii. Ikifika saa kumi na moja jioni anazungusha kitufe taratibu, redio inapiga mluzi, inakoroma, inapita kwa Waarabu, inapita kwa watu wanaoimba puani, mpaka mtangazaji wetu anajitokeza na kusema tupo kwenye masafa mafupi, mita thelathini na moja.

Hapo sasa akili yangu ya utoto ilifanya kazi. Masafa mafupi ni mwendo mfupi, siyo? Na mita ni mita. Shuleni tulikuwa tumejifunza kupima kwa hatua. Nikatoka mlangoni kwetu nikahesabu hatua thelathini na moja ndefu, nikafika bombani. Nilisimama pale kwenye foleni ya madumu nikiwachunguza watu mmoja mmoja, nani kati yao ndiye mtangazaji. Nilimwambia Haboba. Hakunicheka. Alisema, "Umesema kweli. Mtu wa mbali akikusalimia, amekuwa karibu."

Shida ya stesheni za nje ni kwamba zinahama. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na wa kumi, wanabadili saa na mita, kisa majira. Wanatangaza wiki mbili tatu, halafu siku ikifika, ukienda pale pa zamani unakuta mgeni anaongea lugha yake. Watu wengi huchoka wakaacha. Haboba hakuwa mtu wa kuacha. "Stesheni ni mpangaji," alisema. "Ukikuta mlango umefungwa, usilie. Uliza amehamia wapi." Mwenye kazi ya kuuliza nilikuwa mimi, kwa sababu yeye hakujua kuandika. Mtangazaji akianza kutaja mabadiliko, mimi na kipande cha mkaa tayari, naandika ukutani kwenye bati.

Mwaka nilipokuwa darasa la tatu niliandika: MITA 19 SAA TISA.

Mtangazaji alisema saa tisa za kimataifa. Nilisikia. Lakini hayo maneno ya mwisho niliyaona ni ya kujipamba tu, kama watu wazima wanavyosema mheshimiwa. Sikujua kwamba saa tisa ya huko kwao ni saa kumi na mbili jioni ya kwetu. Haboba aliniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Mimi ndiye niliyesoma.

Jumamosi ya kwanza tukafungua saa tisa mchana. Mkoromo mtupu. Ya pili, mkoromo. Ya tatu Haboba alizungusha kitufe mpaka kidole kikawa chekundu, kisha akachukua kawa lake la ukindu akaendelea kusuka. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, polepole, kama anaongea na ukindu, "Labda amechoka kuningoja."

Jioni ya Jumamosi ile ile, Haboba ameshika birika anajiandaa kwa magharibi, jirani yetu akaja mbio. Alikuwa sajenti Mwacholi, mkubwa kama kabati. Sisi tulimwita Afande. Na yeye alikuwa na redio, ya kutafutia mpira.

"Mama! Redio inakutaja na wewe iko nawa miguu?"

"Ananitaja nani?"

"Dada yako! Anasema kwa dada yangu mkubwa, kambi ya polisi Kampala. Anasema wiki ya tatu anasalimia, jibu hakuna. Anasema wanahamishwa kambi, wiki mbili tu ziko. Kama uko hai, jibu. Kama hakuna jibu, yeye atasoma dua."

Birika lilianguka. Dua ya marehemu, unaelewa. Dada yake alikuwa anajiandaa kumzika kwa redio.

Nami nilijua kosa ni langu, nikatoka nje kulia, na nikiwa nalia miguu yangu ikahesabu yenyewe. Kutoka mlangoni kwetu hadi mlangoni kwa Afande: hatua kumi na tisa. Wallahi. Mita kumi na tisa kamili.

Barua isingefika kwa wiki mbili. Lakini kipindi kilipokea ujumbe wa simu, na Afande alikuwa na simu. Akampa Haboba, Haboba akanipa mimi. "Andika wewe."

"Haboba, mimi nimeshakosea."

"Ndiyo. Sasa andika. Mwambie habari, dada. Sijafa, nimelala tu."

Mwalimu wetu wa Luganda alikuwa ametupigia kelele muhula mzima: baada ya e na i andika r, kwingine kote andika l. Safari hii sikutaka kukosea hata herufi. Nilibonyeza taratibu, nikipimia kanuni hiyo ya Luganda kwenye kila neno la Kiswahili, nikatuma: *Habali dada. Sijafa, nimerala tu. Haboba, kambi ya polisi, Kampala.*

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili jioni, unipoti yetu ilijaa. Afande aliinama mlangoni maana mabega hayakupita. Salamu zikasomwa za Mwanza, za Mombasa, za Bujumbura. Gurusa zikapoa kwenye sinia bila kuguswa. Mara mtangazaji akasita, akasoma kama ilivyoandikwa: "Habali dada. Sijafa, nime... nimerala tu." Akacheka hewani! Akarudia, "Amerala tu huyu wa Kampala!"

Kambi nzima iliangua kicheko. "Mutoto wa Kampala huyo!" Afande alipiga bati mpaka redio ikayumba. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Haboba hakucheka. Aliuliza tu, "Na yeye amesikia?"

Tulingoja wiki nzima. Jumamosi iliyofuata, ya mwisho kabla hawajahamishwa, jibu lilikuja, na mtangazaji alianza kucheka kabla ya kulisoma. Mdogo wake alisema hivi: watu walimwambia asiamini, yeyote anaweza kutuma jina la maiti. Lakini aliposikia nimerala akajua hii imetoka Kampala kweli, kwenye mdomo wa mtoto wa nyumbani. Ameacha dua. Anahama kesho, hajui wapi, lakini mita ni ile ile. "Na mimi, dada, sijafa. Nimerala tu."

Haboba alifunika uso kwa shungi. Mabega yalitikisika, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Walisalimiana hivyo miaka mingi, wakihama na stesheni kila majira, na kila mara neno la mwisho lilikuwa hilo hilo bovu. Kisha stesheni, siku hizo imerudi mita kumi na tisa, saa ile ile ya kumi na mbili, ikatangaza haihami tena, inafunga masafa mafupi. Tuwatafute kwenye mtandao, walisema kwa furaha, kama kwamba kila mtu ana kilima chenye simu. Haboba aliendelea kufungua mita kumi na tisa kila Jumamosi, akasikiliza mkoromo, akazima, akaswali. Mwaka uliofuata akatutoka. Unipoti zimeng'olewa, pale pamesimama magorofa. Bomba halipo, kamba ya nguo haipo. Afande alistaafu akarudi kwao, na siku ya kuondoka aliniachia namba ambayo sasa haiiti.

Namba za simu zote zimekufa, unaona? Iliyobaki ni kumi na tisa.

Watu wananiambia redio hiyo niipeleke kwa wauza vyuma wa Kisenyi wakaikate vipuri. Wananiambia masafa mafupi yamekwisha, hakuna atakayesema kitu pale. Sawa, asiseme. Mwanamke mmoja upande wa Congo, kama bado ana betri, anwani yetu anayoijua ni hiyo tu, na sitaki akute mlango umefungwa na hakuna wa kumwambia tumehamia wapi. Kwa hiyo Jumamosi jioni redio za majirani zinapiga muziki wao wa kupasua ukuta, na mimi naanika waya wangu, naweka sikio.

Yule dada wa ofisini nilimmaliza kichwa, akajitazama, akapendeza. Akiwa mlangoni akayaona tena maandishi yale, akaninong'oneza kwa huruma, "Nikufutie tu hiyo r moja?"

Nikamwambia, dada yangu, ukiifuta hiyo r, atajuaje kama ni sisi?