Austine Alipozuiwa Mlangoni mwa Jumba la Sanaa

Benta alipoambiwa kwa simu na mtu asiyemjua kwamba mwanawe amezuiwa kwenye jumba la sanaa huko mjini, alikata simu.

Wakora, akajisemea. Austine gani huyo?

Kijana yule hata umburute kwa kamba, hakanyagi mahali kama pale.

Likizo yote walikuwa wamekosana kwa hilo. Benta ni karani kwenye ghala moja kule Industrial Area, na alikuwa ameapa mwanawe hatamaliza kidato cha tatu akijua simu na mpira tu. Alishampeleka makumbusho mara moja. Jamaa alinuna kuanzia mlangoni hadi wakarudi nyumbani Makadara.

"Twende tena Jumamosi," Benta alimbembeleza.

"Zii, mathe. Huko kunaboo, ni usingizi tu."

"Kunaboo nini? Watu wanatoka ng'ambo kuja kuona!"

"Si waone."

Akachukua kofia, akatoka. Kila Jumamosi hivyo hivyo, Benta akibaki kuongea na sufuria.

Simu ikaita tena. Safari hii alikuwa Austine mwenyewe.

"Mathe, usikate. Kuja tu. Nakuomba."

Alifika hasira zimemjaa. Nje ya lango vijana wa mtaa wao walikuwa wameketi chini, jua likiwachoma. Phelister wa jirani alikuwemo, na Mutie, na wengine aliowajua kwa sura tu.

"Nani amewaleta huku?"

Wote wakamgeukia Austine.

"Huyu namjua, mama," bawabu akasema. "Huja kila Jumamosi, anakaa mbele ya picha mpaka tunafunga. Akiwa peke yake sina shida. Leo amekuja na kundi, na hakuna mtu mzima."

Kila Jumamosi?

Benta alitaka kumrukia mwanawe, lakini bawabu ndiye aliyekuwa karibu.

"Wangekuwa watoto wa matajiri wa Lavington ungewauliza mtu mzima yuko wapi?"

Bawabu akakohoa.

"Basi mtu mzima ni mimi. Fungua!"

Walipoingia tu, akamvuta Austine kando.

"Likizo nzima nakulilia, kumbe unakuja! Mbona hukuniambia?"

"Ungetaka tuje pamoja."

"Na ubaya uko wapi?"

Kijana akashusha sauti.

"Mathe, nikiwa na wewe kila picha ni mtihani. Hii ni nini, umejifunza nini, simama vizuri. Sioni kitu. Naskia tu sauti yako."

Ilimuuma.

Wenzake Austine walikuwa wamesimama mbele ya picha kubwa ya mwanamke anayeanika nguo kwenye roshani ya ghorofa.

"Ai, kwani hapa si Kariobangi?" Phelister akauliza.

"Kariobangi wapi? Cheki hiyo ngazi, hapo ni kwetu," Mutie akabisha.

Wakaanza kelele. Benta alikuwa na maelezo ya kutosha mdomoni, kuhusu rangi, kuhusu mwanga, kuhusu kusoma kwa bidii. Akayameza. Yalishuka kwa shida kweli.

Hata sasa bado ana kinyongo kidogo. Lakini Jumamosi akimwona Austine anavaa viatu, haulizi anakoenda.

Wazazi wenzangu, tunawataka watoto wapende sanaa, halafu tunasimama kati yao na picha. Wapelekeni. Gombaneni na bawabu ikibidi.

Mkishaingia, nyamazeni.