Tulipowatangulia Watoto Kwenye Gurudumu

Mume wangu hawezi kwenda mahali pageni bila kwenda kwanza kupaangalia. Siku moja kabla ya harusi yetu alitembea peke yake kanisani, kutoka mlangoni hadi mbele, akakuta zulia limejikunja, akalinyoosha. Anafanya kazi kwenye mitambo ya mvuke kule Olkaria, na kwao mtu hafungui valvu kabla hajalitembelea bomba lote kwa miguu, akihakikisha hakuna mtu, mbuzi wala spana iliyosahauliwa njiani. Kule tabia hiyo inaokoa maisha ya watu. Nyumbani inachosha, na nimemwambia hivyo mara nyingi.

Mimi nauza nafaka sokoni Nakuru, na sina mipango. Nikiamka na hamu ya kwenda Subukia, naenda Subukia. Kwa hivyo tulipowaahidi watoto kwamba likizo ya Agosti tutawapeleka kwenye ule uwanja wa burudani ulio upande wa Naivasha, wenye magari ya kugongana, mabwawa ya kuogelea na gurudumu kubwa la viti linalozunguka hewani, nilijua tu kwamba baba yao atataka kulitembelea bomba. Aprili, watoto wakiwa wameenda kukaa na shosho yao, mama wa mume wangu, kule Kabazi, akalitoa wazo lake.

"Twende sisi wawili kwanza tukague," akasema. "Tuone laini huwa iko aje, choo iko wapi, kivuli iko wapi. Hatutapanda kitu."

Nilikubali haraka kuliko inavyompasa mtu anayeenda kukagua vyoo.

Sasa, kifungua mimba wetu, msichana wa gredi ya tano, alikuwa ameshalifanya gurudumu lile kuwa lake. Kwetu hakuna aliyewahi kupanda kitu kama kile. Shosho yake hapandi hata ngazi za ghorofa bila kushika ukuta. "Mimi ndio nitakuwa wa kwanza," alitutangazia jioni moja tukila. "Nyinyi mtangoja chini. Nikishuka nitawaambia huko juu kuko aje." Aliyasema kwa upole, akinitazama mimi hasa, kwa sababu anajua naogopa hata kusimama juu ya magunia. Nikamwambia sawa mami, tutakungoja. Nilimwahidi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mama mkwe naye hatukumwambia ukweli. Ningemwambia nini? Kwao Kabazi, mume na mke wakisafiri wawili bila watoto, basi ni hospitali au ni matanga. Watu wazima kuacha viazi shambani wakaenda kubembea ni jambo ambalo lilinishinda kulitamka. Tulipopita kuwaona watoto tukasema kuna mkutano wa wafanyakazi na familia zao. Mama alitushika mikono pale mlangoni akatuombea, akamsihi Mungu abariki kazi ya mwanawe na kumlinda na mvuke. Kisha akanifungia viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa safi, maana mikutano huchelewesha chakula. Msichana wetu aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sote.

Niliona aibu hadi Gilgil. Baada ya Gilgil ikapungua.

Baba watoto alikagua kweli, siwezi kumsingizia. Alikagua vyoo, bomba la maji ya kunywa, mti upi una kivuli asubuhi na upi mchana. Mimi nilisimama chini ya gurudumu nikitazama watu wanavyopaa wakipiga kelele, na miguu ikaanza kuniwasha.

"Tupande," nikasema.

"Hatukukuja kupanda."

"Sasa utakagua aje kitu hujapanda? Kazini si mnaguza bomba?"

Hapo nilimpata. Dada mmoja mwenye kofia ya njano, ambaye ndiye anayewafungia watu kwenye viti, akatufungia. Gurudumu lilipoanza kutuinua nilifumba macho, nikauzika uso wangu kwenye koti la mume wangu. Nilipiga mayowe. Nilimwita mama yangu, na mama yangu ni marehemu. Tulipofika juu kabisa kitu kile kikasimama ili wa chini wapakiwe, kikawa kinayumbayumba.

"Fungua macho," mume wangu akaniambia sikioni. "Kazini kwangu kunaonekana. Angalia basi, kidogo tu."

Sikuangalia. Nilishuka nikilia na kucheka kwa pamoja, na yule dada akanipa karatasi ya kujifutia, naye akicheka. Nikadhani yameisha. Kumbe mume wangu, mtu wa kukagua, mtu asiyeonja chai kabla ya kuuliza ina sukari, alikuwa amesimama pale macho yanang'aa.

"Tupande tena," akasema.

Tukapanda tena, nikafumba macho tena. Tukagongana kwa vigari hadi kofia yake ikaanguka. Tukaingia majini na nguo za kuazima. Viazi vitamu vya mama tulivila tumekaa kwenye nyasi, tumelowa chapachapa, na vilikuwa vitamu kuliko chakula chochote nilichokula mwaka ule. Lazima nieleze kidogo. Mume wangu hukaa Olkaria zamu nzima, na akija nyumbani watoto humpanda kama mti. Tangu mdogo azaliwe hatukuwa tumekaa sisi wawili hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Siku ile aliniambia mambo ya ujana wake niliyokuwa siyajui, na nikamcheka, na akakubali kuchekwa.

Jioni ilipokaribia akasema tulale huko huko, na hatukuwa tumepanga pa kulala. Ni yeye aliyesema. Nikampigia mama mkwe kumwambia mkutano umeongezwa siku.

"Woi, wanawachosha sana," akasema. "Si wawape hata mapumziko?"

Halafu akampa simu msichana wetu. "Pole mum," akaniambia. "Mkimaliza mkutano mtakuja?" Nikamwambia ndiyo. Nywele zangu zilikuwa bado zinadondosha maji ya bwawa. Nilikata simu nikaketi kitandani, na mume wangu akaniuliza kama kuna mtu mgonjwa.

Nilifurahi, na hiyo ndiyo shida yangu hadi leo. Kama siku ile ingekuwa ya kuchosha, ningejiambia tulienda kazi. Lakini ilikuwa mojawapo ya siku nzuri kabisa za ndoa yangu, na niliipata kwa kusema uongo kwa mwanamke aliyekuwa akinichungia watoto.

Agosti ikafika. Safari ile ilikwenda sawasawa kama mtambo. Tulifika mapema kabla ya umati, tukaketi chini ya mti wenye kivuli cha asubuhi, na kivuli kilipohama tukahamia wa pili. Mdogo alipobanwa, baba yake alimbeba moja kwa moja hadi chooni bila kuuliza mtu. Hakuna aliyepotea, hakuna aliyelia njaa.

"Daddy anajua kila kitu," msichana wetu akasema, akimtazama kwa fahari. "Umejuaje kivuli itakuja huku?"

"Nimeona kwa simu," mume wangu akajibu, akawa anafunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

Hakuna kilichotushtua siku ile, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Hakuna aliyeanguka kwa kucheka. Kila tulipofika mahali, nilijua kinachofuata, na kazi yangu ikawa kushangaa kwa uongo. "Ala, kumbe kuna vigari!" nikasema, na sauti yangu ikanichefua mwenyewe. Sisi tulikuwa tumekula bahati Aprili, watoto tukawaletea ratiba.

Tukaja kwenye gurudumu. Msichana wetu alikuwa amelingoja tangu mwaka uliopita, lakini tulipokaribia mbele ya foleni nikahisi mkono wake umekuwa baridi mkononi mwangu. Alikuwa akitazama juu, midomo imekauka. Nikamjua. Alikuwa karibu kurudi nyuma, na akirudi nyuma hangejisamehe mpaka likizo nyingine.

Yule dada wa kofia ya njano akatufungulia kijilango. Akanitazama, akanitazama tena, uso ukamchanua.

"Mathe! Karibu tena. Leo hatulii?"

Mtu yeyote wa biashara husema karibu tena. Mimi mwenyewe huwaambia hivyo hata wanaoshika maharagwe wasinunue. Ningeweza kucheka nikapita. Msichana wetu aligeuka.

"Tena?" akauliza.

Mume wangu akakohoa. Nikaangalia ule uso wa mtoto, ulivyokuwa umejaa hofu ya kwenda juu, nikaona kwamba nina dawa ya hofu hiyo mfukoni na nimeificha. Nikachutama mbele yake, watu nyuma wakianza kunung'unika.

"Mimi na daddy tulipanda hii kitu Aprili," nikamwambia. "Nililia kama mtoto. Lakini inazunguka tu halafu inakurudisha. Usiogope. Hakuna kitu itakufanyia."

Dawa ilifanya kazi hapo hapo. Hofu ilimtoka usoni nikiiona. Lakini kilichobaki usoni sikuwa nimekitarajia. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akafikiri.

"Wakati wa mkutano?"

"Ndiyo."

"Na mkatuacha kwa shosho."

Hakuuliza, alisema tu. Kisha akautoa mkono wake mkononi mwangu, polepole, bila hasira, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. "Nitapanda peke yangu," akamwambia yule dada. Dada akamketisha na msichana mwingine wa rika lake tusiyemjua, akawafungia, wakapaa.

Tulisimama chini na mdogo, tukimpungia kila alipopita. Hakupunga. Aliposhuka nilimkimbilia nikamwuliza kulikuwa aje. "Poa tu," akasema, akaenda kunywa maji. Mume wangu akaninong'oneza kwamba si amepanda, si hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kuja? Nilimjibu vibaya, na hakustahili, maana gurudumu lile nililidai mimi. Yeye alitaka kukagua vyoo tu.

Kesho yake tulipitia Kabazi kabla ya kurudi Nakuru. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi, na msichana wetu hakungoja hata kuvua koti. Akajisukuma karibu naye kwenye benchi na maneno yakaanza kumwagika, yale yote aliyoyafunga njia nzima. Tumbo linavyobaki chini wewe ukienda juu. Msichana wa pembeni alivyokaribia kutapika. Mikono yake ilikuwa ikizungusha gurudumu hewani, na mama ameacha kisu, mdomo wazi.

Mimi nilikuwa nikiosha sufuria ya chai. Nikajikausha mikono, nikasogea, nikaketi kwenye kijigogo kando ya moto, nikitabasamu. "Niambie na mimi," nikasema.

Akanitazama bila ubaya wowote, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo.

"Lakini wewe ulishaona, mum. Mlienda na daddy wakati wa ule mkutano."

Mama mkwe alinitazama. Nikaviona machoni pake viazi vitamu, na kitambaa kile nilichomrudishia kimefuliwa na kunyooshwa, na maombi ya mlangoni. Nilifungua mdomo nikasema, "Mum, ilikuwa..." Mume wangu alikuwa nje na mdogo, wakitazama ng'ombe. Mama hakunikemea. Alikiokota kisu, akachukua kiazi kingine, akamgeukia mjukuu wake.

"Endelea," akamwambia. "Mimi sijaona."

Msichana wetu akageuka akampa shosho uso wote, mgongo ukawa upande wangu, akapunguza sauti kidogo. Nikainuka, nikachukua sufuria yangu nikaenda nayo mlangoni, nikawa naisugua mahali ambapo palikuwa pameshatakata. Nilisikia akisema kwamba ukifika juu kabisa kitu kinasimama, na ukithubutu kuangalia mbali unaona ziwa lote, na nyuma ya milima unaona mvuke wa kazini kwa daddy, mwingi, mweupe, kama masufuria mengi yanayochemka kwa wakati mmoja. Nilizuia maji yasitoe sauti. Nilitaka kusikia yote, kwa sababu mimi sikuyaona. Mara zote mbili nilifumba macho, na sasa hakuna mtu jikoni mle ambaye ningeweza kumwambia hivyo akaniamini.