Biskuti za Sajini

Jumamosi nyumbani kwetu Koboko ilikuwa na harufu yake. Ilianza na boga linalochemka, zikafuata karanga zinazokaangwa, kisha dagaa wakavu wanaotwangwa kinuni, na jua likifika utosini harufu zote hizo ziliungana ndani ya sufuria moja yenye makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Baba alikuwa akioka biskuti. Mpita njia angesema, heri yao watoto wa nyumba hii. Angekosea. Biskuti zile zilikuwa za mbwa, na mimi, msichana wa miaka tisa, niliketi kizingitini na kipande changu cha muhogo baridi, mate yamenijaa kinywani, nikimwonea mbwa wivu wa kukosesha usingizi.

Baba alikuwa mwanajeshi, kazi yake kuongoza mbwa wa kunusa. Tangu nizaliwe nilimjua kwa picha moja ukutani na kwa likizo fupi zilizokwisha kabla sijazoea sauti yake. Mwaka aliostaafu nilijiandaa kwa wiki nzima. Nilisukwa nywele, nikakariri shairi la kumkaribisha. Akashuka garini na begi moja na mbwa mzee mwenye ndevu nyeupe, na neno lake la kwanza likawa, "Leta maji mbio, Sajini iko na kiu." Shairi langu hajalisikia hadi leo. Kaka zangu walikuwa shule ya bweni, hivyo aibu ile niliimeza peke yangu. Baba mwenyewe alistaafu akiwa koplo, na jambo hilo lilimfurahisha sana jirani yetu Hajati Zaituni. Dini yake ilimfundisha kujiepusha na mate ya mbwa, basi alisimama upande wake wa ua, akapiga saluti, na kusema, "Afande Sajini, jambo! Na hii koplo yako, iko nasikia amri?" Baba alicheka hadi machozi. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Biskuti zile zilikuwa na masharti mengi kuliko harusi. Unga wa muhogo, boga lililopondwa, karanga zilizosagwa bila kitu kingine, dagaa waliorowekwa hadi chumvi ikawatoka, na yai moja. Sukari marufuku. Kitunguu hakikuruhusiwa hata kuikaribia sufuria, maana kitunguu, alisema baba, huharibu damu ya mbwa. Siku ya soko alinunua maini kidogo ya mbuzi, akayachemsha hivi hivi, akayakata nyembamba na kuyaanika juu ya bati. Kila kipande kilikuwa kidogo, kwa sababu zawadi ikizidi inageuka ugonjwa. Mama alilitazama lile yai likipasuliwa na kunung'unika, "Kwa hii nyumba, mutu ya kwanza kukula yai iko mbwa." Baba alichukua sahani, akaenda nyuma ya ghala, akaketi ametupa mgongo, na kumlisha Sajini kipande kimoja kimoja. Nilichokiona ni kiwiko chake kikisogea. Nilichokisikia ni sauti ya chini, ya upole, ambayo hakuwahi kuitumia kwangu. Kwangu alikuwa na maneno matatu tu: umekula, umesoma, lala. Wanasema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nayo, tena ilikuwa na mkia.

Nikaamua kumnyang'anya. Kama baba sikuweza kumpata, basi ningempata mbwa wake, naye abaki peke yake aonje nilichokuwa nikionja. Niliiba biskuti mbili. Moja niliila mwenyewe nyuma ya jiko, nikaikuta haina ladha, kama kula udongo uliopitiwa na samaki, lakini niliitafuna hadi mwisho kwa chuki. Ya pili nilimpelekea Sajini kwenye kiganja cha mkono wa kulia, kama mama alivyonifundisha kumpa kiumbe chochote kitu. Aliinusa, akageuza uso pole pole, kama mzee wa kanisa aliyekaribishwa pombe hadharani. Nikadhani ana tamaa kubwa, anahitaji kitu kikubwa zaidi. Nikamnunulia biskuti za duka, zile za maziwa na sukari nyingi, ambazo mimi mwenyewe nilizipata Krismasi tu. Akageuza uso tena. Mkono mtupu haulambwi, tunaambiwa. Wangu ulijaa na bado haukulambwa. Nilikaa nikazila zote huku nalia.

Kisha baba akaugua ngiri. Ilimbana ghafla, akakimbizwa hospitali Arua kupasuliwa, na mama akaenda naye. Mimi nikaachwa chini ya uangalizi wa Hajati, na Sajini akaachwa chini ya uangalizi wangu, pamoja na kopo zima la biskuti. Hakula. Siku ya kwanza na ya pili nilifurahi, nakiri. Nilimwambia, na wewe sasa umeachwa, unaonaje? Siku ya tatu nilimpelekea ugali, maini, hata mchuzi wenye kitunguu ambao baba angenichapa kwa ajili yake. Hajati aliagiza kijana wa bucha alete mfupa, na kijana huyo naye akajaribu kumlisha. Sajini alitazama barabara tu. Siku ya tano miguu ya nyuma ilikataa kumbeba, na mimi nikaingiwa na hofu ambayo sikuitegemea. Nilijua baba atarudi, atakuta kaburi, na tangu siku hiyo hataniambia tena hata yale maneno matatu.

Hajati alipiga simu hospitalini, mama akaiweka sikioni kwa baba, na mimi nikapewa simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Baba, Sajini hapana kula. Siku tano sasa."

"Wewe napatia yeye na mkono gani?"

"Ya kulia, baba."

Nikasikia anapumua kwa maumivu. "Patia na ya kushoto," akasema. "Mbwa ya kazi, adui nataka kupatia yeye sumu. Na adui pia iko na mama. Mama yake ilifundisha yeye kutoa na mkono ya kulia. Sasa sisi nafundisha mbwa kukula ya kushoto tu. Usiambie mutu, Kiden."

Kwetu mtoto anayetoa kitu kwa mkono wa kushoto huchapwa vidole. Ndiyo maana baba alitupa mgongo, na ndiyo maana mtaa mzima, kwa adabu zetu nzuri, tulikuwa tunamuua mbwa kwa njaa. Biskuti za kopo zilikuwa zimeanza kuota ukungu, hivyo nilioka nyingine mwenyewe, nikaunguza nusu. Nilipiga magoti, nikanyoosha mkono wa kushoto. Hajati alishtuka ng'ambo ya ua. "Haya! Hata kama iko mbwa, mkono gani hiyo?" Niliuacha mkono pale pale. Sajini aliinua kichwa, akaniangalia mkononi, kisha usoni, na ulimi wake wa moto ukapita kwenye kiganja changu. Alikula sita. Nilimwegemea shingoni na kumwambia kwa ile sauti ya chini kwamba sasa ni wangu.

Na kweli akawa wangu. Kwa wiki tatu alinifuata kisimani, akanisubiri njiani nikitoka shule. Baba aliporudi, amekonda, ameshika tumbo, aliketi mlangoni kabla hata ya kunywa maji, akaomba biskuti moja, akamnyooshea Sajini kwa kushoto, mbele yetu sote. Sajini alimwendea akitikisa mkia. Akainusa biskuti. Halafu, kabla ya kuichukua, akageuka kunitazama mimi, kana kwamba anaomba ruhusa. Ilikuwa kitambo kidogo tu, kisha akaila. Lakini niliuona uso wa baba, na nikautambua, kwa sababu nilikuwa nimeuvaa mimi miezi yote ile. Nilifurahi kwa ubaya kabisa. Jumamosi iliyofuata aliniita nyuma ya ghala nikae naye.

Zaidi ya miaka ishirini imepita. Ninaishi Arua sasa, upande wa kwenda Manibe, na mji umekuwa jiji lenye duka ambalo rafu nzima ni ya vitafunwa vya mbwa. Binti yangu alinisumbua nimnunulie mbwa wetu, Bosi, pakiti moja yenye picha ya mbwa anayecheka. Niliposoma nyuma nikakuta chumvi, sukari na rangi, nikamwambia airudishe, tukachukua ya nyama iliyokaushwa peke yake. Bosi hachagui. Hula mkononi mwa yeyote, nadhani hata mwizi. Baba anaishi nasi tangu mama alipofariki, ana presha na ugonjwa wa sukari, na daktari alipotaja vitu alivyokatazwa nilicheka, maana nilikuwa nayajua masharti yale tangu utotoni. Kwa hiyo Jumamosi ninaoka biskuti za boga, za mzee na za mbwa sufuria moja.

Ila mwaka huu baba ameanza kukataa chakula. Ninampigia magoti, ninampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama inavyompasa binti. Anapokea, anashukuru, na nikigeuka tu anampa Bosi chini ya kiti. Nina mume, nina mtoto, nina kazi ya kuheshimika, na bado ninamwonea mbwa wivu ule ule. Tena sasa unakuja na hofu, kwa sababu mifupa ya mabega yake inaonekana juu ya shati.

Jumamosi iliyopita nilichukua biskuti moja ya moto, nikapiga magoti, nikamnyooshea kwa mkono wa kushoto.

"Mama! Mkono huo!" binti yangu akasema.

Baba aliutazama mkono wangu. "Nani ilifundisha wewe hii?" akauliza.

"Koplo moja," nikasema.

Akaicheka ile biskuti kwanza, kisha akaichukua akaanza kula. Bosi alikuja akalalama, akaweka kichwa gotini kwake. Baba alikula yote, akalamba kidole, hakumbakizia hata chembe.